Kurudisha haki za usimamizi baada ya kupandisha toleo: shajara ya mradi

Hali ya kuanzia

Kompyuta nne za Linux zimepandishwa toleo, na zote nne zimepoteza haki za usimamizi kwa namna moja au nyingine. Moja imetoka Debian 11 kwenda Debian 12. Mbili ni Ubuntu: ya kwanza kutoka 22.04 kwenda 24.04, ya pili kutoka 25.04 kwenda 25.10. Ya mwisho ni Fedora. Katika Debian na Ubuntu 24.04 mwenye akaunti anaingia kama kawaida, anafungua faili zake, ila hawezi tena kusakinisha programu wala kubadilisha mipangilio ya mfumo. Katika Ubuntu 25.10 waliopoteza haki ni akaunti za huduma tu, yaani zinazotumiwa na programu, si watu. Ile ya Fedora haimruhusu mwenyewe hata kuingia.

Lengo ni kurudisha haki hizo bila kusakinisha mfumo upya na bila kugusa data ya mtu. Wenye kompyuta wote wametoa idhini, na kwa diski zilizosimbwa wametoa nywila ya diski. Jambo hili la pili si la adabu tu. Njia zote zilizoandikwa hapa zinapitia kwenye diski, na diski iliyosimbwa kwa LUKS (usimbaji wa diski wa Linux) ambayo nywila yake imepotea haifunguki kwa ujanja wowote ulio humu.

Msimamo tuliouweka mapema: hakuna kutibu kabla ya kupima. Lalamiko la "sina tena uadmini" linaweza kutoka sehemu nne zisizohusiana: uanachama wa kikundi, kanuni za sudo (amri inayomruhusu mtumiaji kufanya kazi za msimamizi), PAM inayothibitisha nywila, au polkit inayotoa ruhusa kwa programu za dirisha. Anayekimbilia kubadilisha nywila wakati tatizo ni kikundi anaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Upimaji usiohitaji haki yoyote

Mtumiaji wa kawaida anaweza kupata karibu kila kinachohitajika kwa amri hizi (jina `asha` ni mfano):

```
id
id asha
sudo -l
ls -l /usr/bin/sudo /etc/sudoers*
```

Jibu la sudo lenyewe ndilo kipimo bora, kwa hiyo lisomwe neno kwa neno. Likisema "asha is not in the sudoers file", nywila imekubaliwa. PAM ni nzima, kinachokosekana ni kanuni au kikundi. Likisema "Sorry, try again", nywila imekataliwa na kanuni bado hazijafikiwa. Likisema kwamba `/usr/bin/sudo` lazima imilikiwe na uid 0 na iwe na biti ya setuid (inayoifanya programu iendeshwe kwa haki za mmiliki wake), kuna mtu aliyepitisha `chmod` au `chown` mahali pasipofaa. Kwenye Debian na Ubuntu ruhusa sahihi ni 4755 kwa `/usr/bin/sudo` na 0440 kwa `/etc/sudoers`, zote mali ya root, yaani akaunti ya msimamizi mkuu. Na likiwa "command not found", kifurushi chenyewe hakipo.

Tofauti kati ya `id` na `id asha` inasahaulika sana. `id` peke yake inaonyesha vikundi ambavyo kipindi hiki cha kazi kilipewa wakati wa kuingia. `id asha` inasoma faili ya vikundi ilivyo sasa hivi. Majibu yakitofautiana, kuna mabadiliko yaliyofanyika baada ya kuingia. Hilo limekuja kueleza kisa kizima cha Ubuntu 24.04.

Kikundi chenye mamlaka ni `sudo` kwenye Debian na Ubuntu, na `wheel` kwenye Fedora. Mwongozo wa mfumo mmoja ukitumika kwenye mwingine, amri inapita bila kosa endapo kikundi hicho kipo, lakini haki hazirudi.

Debian 12: kanuni iliyofutwa kwa herufi moja

Sudo inajibu "is not in the sudoers file". `id asha` haina kikundi cha `sudo`, na mwenye kompyuta anasema hakikuwahi kuwepo. Hilo linaaminika: Debian ikisakinishwa kwa kuiwekea root nywila, mtumiaji wa kwanza haingizwi kwenye kikundi cha `sudo`. Maana yake haki zake zilitoka kwenye mstari ulioandikwa kwa mkono ndani ya `/etc/sudoers`.

Ushahidi umekutwa bila haki yoyote. `ls -l /etc/sudoers*` imeonyesha faili mbili: `sudoers` na `sudoers.dpkg-old`. Jina la pili linatosha kama ungamo. Wakati wa kupandisha toleo, dpkg (programu inayosakinisha vifurushi) inapokuta faili ya mipangilio iliyobadilishwa na mwenyewe huku kifurushi kipya kikija na yake, inauliza:

```
*** sudoers (Y/I/N/O/D/Z) [default=N] ?
```

Ukibonyeza Enter tu, faili yako inabaki na ile mpya inawekwa pembeni kwa jina la `.dpkg-dist`. Ukijibu Y, mpya inachukua nafasi na yako inakuwa `.dpkg-old`. Hapa jibu lilikuwa Y, na mstari wa mtumiaji ukaenda nayo. Herufi D ingeonyesha tofauti ya faili hizo mbili kabla ya kuamua, na kwa faili hii tunaona ni lazima kuibonyeza kila mara.

Nywila ya root haijulikani na yeyote aliyebaki, kwa hiyo `su -` haisaidii. Kwa anayeijua, hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote, mradi kile kistari kisiachwe. Tangu Debian 10, `su` bila kistari inabaki na njia za utafutaji za mtumiaji wa kawaida. Humo `/usr/sbin` haimo, na `usermod` inajibu "command not found" hata ukiwa root.

Menyu ya uokoaji nayo imekataa: "Cannot open access to console, the root account is locked". Debian inaonyesha hivyo root ikiwa imefungwa, na bila shaka mtu aliifunga baadaye. Imebaki njia ya kerneli.

Wakati wa kuwasha, kitufe cha Esc kwenye mashine za UEFI, au Shift iliyoshikiliwa kwenye zile za BIOS, kinaleta menyu ya GRUB, programu inayowasha mfumo. Esc ibonyezwe mara moja. Ukizidisha unaangukia kwenye mstari wa amri wa GRUB, na hapo andika `normal` kisha Enter kurudi. Ukiwa juu ya ingizo la kwanza bonyeza `e`. Tafuta mstari unaoanza na neno `linux`, badilisha `ro` iwe `rw`, futa `quiet` na `splash` ili ujumbe uonekane, kisha mwishoni mwa mstari huohuo ongeza:

```
init=/bin/bash
```

Ctrl+X au F10 inawasha. Mabadiliko haya ni ya safari hiyo moja. Hayaandikwi kwenye diski.

Kibodi hapa, ndani ya GRUB na baada yake, inaweza kuwa na mpangilio wa Kimarekani hata kama mfumo umewekewa mwingine. Nywila yenye alama kama `@`, `-` au `/` itatoka tofauti na ulivyokusudia. Wakati wa kuandika nywila mpya huoni kinachoandikwa, basi andika kwanza alama hizo kwenye mstari wa amri uone zinavyotoka.

Mara tu mstari wa amri wa root ulipotokea, kabla ya chochote:

```
mount -o remount,rw /
cp -a /etc/group /etc/group.kabla
diff /etc/sudoers.dpkg-old /etc/sudoers
```

Mstari wa kwanza ni wa tahadhari, hata pale `rw` ilipowekwa kwenye GRUB. Diski ikiwa bado ya kusomwa tu, `passwd` inatoa "Authentication token manipulation error", na `usermod` inasema haiwezi kufunga `/etc/passwd`. Watu wengi huacha kazi hapo wakidhani mfumo umeharibika, kumbe haujapata ruhusa ya kuandika.

`diff` ilileta kitu ambacho hakuna aliyekitaja: pamoja na mstari wa mtumiaji, faili ya zamani ilikuwa na mstari wa skripti ya nakala za akiba inayoendeshwa bila nywila. Skripti hiyo ilikuwa imekufa kimya tangu toleo lilipopanda. Tungerudisha uadmini tu na kufunga jalada, nakala zingeendelea kukosekana mpaka siku ya kuzihitaji.

Hatukurudisha `sudoers.dpkg-old` mahali pake. Kufanya hivyo kungerudisha haki leo na kuleta swali lilelile toleo lijalo. Badala yake:

```
usermod -aG sudo asha
visudo -f /etc/sudoers.d/nakala
visudo -c
sync
exec /sbin/init
```

Faili kuu imeachwa kama ilivyoletwa na kifurushi. Ya kwetu imewekwa kwenye `/etc/sudoers.d`, ambayo dpkg haiigusi. Kuna mitego miwili kwenye saraka hiyo. Sudo inaruka faili yoyote ambayo jina lake lina nukta au linaishia na `~`, kwa hiyo `nakala.conf` isingesomwa kamwe na hakuna kosa ambalo lingeonekana. Pia mstari unaoita saraka hiyo ni `@includedir` kwenye matoleo mapya na `#includedir` kwenye ya zamani. Alama ya `#` hapo haimaanishi maoni. Kuna wanaoufuta mstari huo wakidhani wanasafisha faili.

Kumalizia na `exec /sbin/init` kuna sababu yake. Bash hapa ndiyo mchakato namba 1; ukiandika `exit` kerneli inaanguka papo hapo. `reboot` ya kawaida nayo haifanyi kazi kwa sababu systemd haijawaka. Mbadala ni `reboot -f`, baada ya `sync`.

Hali: haki zimerudi, skripti ya nakala inaendeshwa. Kimebaki kitu kidogo cha polkit: faili moja ya `.pkla` iliyokuwa ikimruhusu mtumiaji kupachika diski ya ndani haisomwi tena. Polkit ya Debian 12 inasoma kanuni za JavaScript zilizo kwenye `/etc/polkit-1/rules.d`, na faili za `.pkla` zinahitaji kifurushi cha `polkitd-pkla`. Tumechagua kuandika kanuni upya.

Ubuntu 24.04: toleo jipya limesingiziwa

Ujumbe ni uleule wa sudo, lakini hapa hakuna `.dpkg-old` yoyote, na `id asha` imebaki na vikundi viwili tu: cha mtumiaji mwenyewe na `libvirt`. Mtumiaji wa kwanza wa Ubuntu kwa kawaida yumo pia kwenye `adm`, `cdrom`, `sudo`, `dip`, `plugdev` na `lpadmin`. Vyote vimepotea kwa pamoja, na alama hiyo inatambulika kwa mbali:

```
usermod -G libvirt asha
```

Bila `-a`, amri hiyo haimwongezi mtu kwenye kikundi. Inamwondoa kwenye vikundi vyote vya ziada na kumwachia hicho kimoja. Kilichowapoteza watu ni muda. Sudo kwa kawaida inatazama vikundi vya kipindi cha kazi kinachoendelea, na kipindi hicho kilikuwa bado na `sudo` ndani yake. Kazi ziliendelea vizuri, toleo likapandishwa, kompyuta ikawashwa upya, na hapo ndipo orodha mpya ilipoanza kutumika. Kila mtu akalaumu toleo jipya.

Kuingia ni rahisi kuliko Debian. Kwenye GRUB chagua ingizo la chaguo za ziada, kisha ingizo lenye "recovery mode", halafu "root". Kwa kuwa root ya Ubuntu haina nywila, mstari wa amri unatolewa moja kwa moja.

Swali gumu lilikuwa: vikundi vingapi vilipotea, na ni vipi hasa? Jibu lipo kwenye `/etc/group-`, jina lenye kistari mwishoni. Zana za kusimamia watumiaji zinaacha humo nakala ya faili ya vikundi ilivyokuwa kabla ya badiliko la mwisho. Ni badiliko moja tu nyuma. `usermod` ya kwanza utakayoitumia kujiokoa inaiandika upya, na orodha ya zamani inatoweka. Kwa hiyo utaratibu ni kunakili kwanza:

```
mount -o remount,rw /
cp -a /etc/group- /root/group.zamani
diff /root/group.zamani /etc/group
```

Tofauti zilionyesha kila mstari ambao `asha` alifutwa, ikiwemo `lpadmin`, ambacho kingegundulika tu siku ya kuongeza printa. Vyote vimerudishwa kwa `usermod -aG` moja, majina yakitenganishwa kwa mkato bila nafasi. Nafasi baada ya mkato inaivunja amri.

Hali: imefungwa. Mtumiaji ametoka na kuingia tena. Bila hivyo `id` ingeendelea kuonyesha orodha mbovu na mtu angedhani ukarabati umeshindwa.

Ubuntu 25.10: sudo yenyewe imebadilika

Tangu 25.10, Ubuntu imeweka sudo-rs, iliyoandikwa kwa lugha ya Rust, kuwa sudo ya kawaida. Mtumiaji hapa yumo kwenye kikundi na anaweza kuendesha amri zote. Waliopoteza haki ni akaunti za huduma, zilizokuwa na kanuni za namna hii:

```
huduma ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/systemctl restart wavuti-*
```

Sudo-rs haikubali nyota ndani ya hoja za amri, na imekataa kwa makusudi: nyota ya namna hiyo inapokea pia nafasi na maneno ya ziada, hivyo inaruhusu zaidi ya alichokusudia mwandishi wa kanuni. Tunaafiki uamuzi huo. Kanuni zimeandikwa upya, kila huduma kwa jina lake kamili. Ni mistari mingi zaidi, lakini kila mmoja unasema hasa kinachoruhusiwa.

Kwa asiye na muda wa kuandika upya, sudo ya awali bado imo kwa jina la `sudo.ws`, na inarudishwa na root kwa `update-alternatives --set sudo /usr/bin/sudo.ws`. Hiyo iwe ya kuvukia tu.

Fedora: nywila sahihi inayokataliwa

Hapa kazi ilianza juu ya jaribio la mtu mwingine. Nywila ilishindikana baada ya toleo kupanda, akatumia `init=/bin/bash`, akaibadilisha kwa `passwd`, akawasha upya. Tangu hapo hakuna nywila inayokubaliwa, mpya wala ya zamani.

Fedora inaendesha SELinux, ulinzi unaoamua kwa lebo za faili ni programu ipi isome nini, na ukiingia kwa `init=/bin/bash` sera zake hazijapakiwa. `passwd` haihariri `/etc/shadow`, faili ya nywila, ilipo. Inaandika faili mpya na kuiweka mahali pa ile ya zamani. Faili mpya imezaliwa bila lebo. Mfumo ulipowaka kawaida, programu ya kuingilia ikazuiwa kuisoma. Nywila ilikuwa sahihi muda wote.

Dawa inayotajwa zaidi ni `touch /.autorelabel`, ambayo inapanga upya lebo za diski nzima kisha inawasha mashine tena. Inafanya kazi, ila kwenye diski kubwa iliyojaa inachukua muda mrefu na skrini inaonekana kama imekwama; anayezima umeme katikati anajiharibia. Kwa kuwa tulijua ni faili gani iliyoguswa, tumeongeza `enforcing=0` kwenye mstari wa kerneli, tukaingia kwa nywila mpya, kisha:

```
ls -Z /etc/shadow
sudo restorecon -v /etc/shadow
sudo restorecon -Rv /etc
```

`ls -Z` ilionyesha `unlabeled_t` pale panapopaswa kuwa `shadow_t`. Baada ya `restorecon`, mashine imewashwa bila `enforcing=0` na kuingia kumekubali. Anayeanza upya mwenyewe kwa `init=/bin/bash` na asiyejua ni faili zipi atagusa, basi `/.autorelabel` ndiyo salama, aiweke kabla ya kuwasha upya.

Jambo la pembeni: pale `pam_faillock` inapotumika, kurudia nywila kunafunga akaunti. Mipangilio yake ya awali ni makosa 3 ndani ya sekunde 900, na kufungwa kwa sekunde 600. Mtu anayejaribu kila baada ya dakika chache anaweza kuendelea kujifungia mwenyewe huku akiwa na nywila sahihi. `faillock --user asha` inaonyesha makosa, na `--reset` inayafuta.

Yaliyowekwa kwa ajili ya toleo lijalo

Kila mashine imepata akaunti ya pili ya msimamizi, yenye nywila iliyohifadhiwa nje ya kompyuta hiyo, na imejaribiwa kwa kuingia kweli na kuendesha `sudo -v`. Wakati wa kupandisha toleo kutakuwa na kipindi cha `sudo -i` kilichoachwa wazi kwenye terminali nyingine mpaka sudo ijaribiwe upya. Kipindi kilichokwisha kuwa root hakiulizi kanuni tena. Kwa seva ya mbali inayotumia `do-release-upgrade`, Ubuntu yenyewe hufungua sshd (huduma ya kuingia kwa mbali) ya akiba kwenye mlango 1022, na ngome ya mtandao iruhusu mlango huo kabla ya kuanza. Kabla ya kuanza pia: nakala ya `/etc` nzima kwa `tar`, kwa sababu `group-` ina kumbukumbu fupi mno.

Bado wazi: Debian na Ubuntu 24.04 hazina nywila ya GRUB wala usimbaji wa diski, maana yake mlango tulioutumia kuingia uko wazi kwa yeyote anayeweza kukaa mbele ya kibodi. Nywila ya GRUB itawekwa kwa `grub-mkpasswd-pbkdf2`, na ingizo la kawaida litaachiwa `--unrestricted` ili mashine iendelee kuwaka bila kuuliza. Usimbaji tutaufanya kwa kuandaa diski upya, na unasubiri nakala kamili za mashine zote mbili.